Kaseti Moja, Wenyewe Wangapi? Uchambuzi wa Kisa cha Nyimbo za Taarabu Mombasa

Usuli

Kisa hiki kilitokea Mombasa kati ya mwaka 2020 na 2023. Majina ya watu, mitaa na nyimbo yameondolewa, na mambo machache yasiyoathiri hoja yamebadilishwa ili wahusika wasitambulike. Niliingia katikati ya ugomvi kwa kuombwa na mjukuu wa mwimbaji, kwa sababu nimeshughulika miaka kadhaa na uhifadhi wa kanda na maandishi ya zamani, na sheria ya hakimiliki naisoma ingawa si wakili. Msomaji ajue basi kwamba naandika kama mtu aliyekuwamo, na kwamba baadhi ya makosa nitakayoyataja ni yangu.

Ugomvi wenyewe haueleweki bila kujua kaseti za taarabu zilivyotengenezwa. Katika miaka ya 1970 na 1980, mtu aliyeuza na kutengeneza redio mjini Mombasa mara nyingi alikuwa pia ndiye mrekodi. Duka likishafungwa, mwimbaji na wapigaji wake waliingia chumba cha nyuma na udi, kodiani, ngoma na tashkota (kinanda cha nyuzi chenye vibonyezo), wakarekodi nyimbo sita au nane, wakatoka alfajiri. Kanda mama ilibaki kwa mwenye duka. Mteja alipokuja kuagiza, alitolewa nakala yake pale pale, jina la mwimbaji likaandikwa kwa kalamu ubavuni mwa kaseti. Mikataba haikuwapo. Kilichokuwapo ni malipo ya mkupuo na, kwa mwenye duka aliyekuwa mwangalifu, daftari la risiti.

Mambo mawili zaidi yanahitajika kabla ya kuendelea. La kwanza ni kwamba katika taarabu ya Mombasa anayeimba si lazima awe ndiye aliyetunga. Shairi hutoka kwa malenga, na wasikilizaji wa zamani walijua vizuri kwamba nyuma ya sauti ya Juma Bhalo palikuwa na kalamu ya binamu yake, Ahmad Nassir. La pili ni kwamba nyimbo nyingi za wakati huo zilivishwa mahadhi ya filamu za Kihindi zilizokuwa zikionyeshwa katika sinema za mjini, na hakuna aliyeona haya kwa hilo, kwa kuwa sifa ilikuwa katika kulivisha shairi la Kiswahili nguo hiyo likamkaa.

Kwa hiyo ndani ya kaseti moja ya dakika sitini mna kazi ya mtunzi, kazi ya mwimbaji, kazi ya wapigaji, kazi ya mrekodi, na pengine mahadhi ya mtu wa Bombay ambaye hakuwahi kuijua Mombasa.

Wahusika na madai yao

Nitamwita wa kwanza Mkusanyaji. Ni kijana wa miaka thelathini na kitu aliyerithi kwa ami yake masanduku manne ya kaseti. Mwaka 2020, wakati wa kafyu ya korona, alianza kuzihamisha kwenye kompyuta. Alivisafisha vichwa vya deki kwa spiriti na vijiti vya pamba, kanda zilizojifunga akazirudisha kwa penseli, na zilizokatika akaziunga kwa utepe. Mwanzo alizituma kwenye kundi la WhatsApp la jamaa na wapenzi wa taarabu, kisha akafungua chaneli ya YouTube. Dai lake lilikuwa jepesi: nyimbo hizi zilikuwa zinakufa kwa kuvu, na aliyeziokoa ana haki ya kuzigawa.

Wa pili ni Mrithi wa duka, mtoto wa marehemu mwenye duka la redio. Duka lenyewe leo linauza simu na vifuniko vyake, lakini kanda mama kadhaa zilisalia kwenye dari la nyumba. Dai lake: baba yake ndiye aliyenunua mashine, akalipia umeme, akawalipa waimbaji, basi rekodi ni zake.

Wa tatu ni Msambazaji, kampuni ndogo ya Nairobi inayopeleka nyimbo za zamani kwenye majukwaa ya mtandaoni na kukusanya mapato. Mwaka 2022 ilitia saini mkataba na Mrithi.

Wa nne ni Bi Mwimbaji, mama wa miaka sabini na ushei, na wa tano ni watoto wawili wa Mtunzi, ambaye alifariki mwaka 2009. Hao wawili wa mwisho nimewaweka nyuma kwa makusudi, kwa kuwa ndivyo walivyowekwa. Ugomvi ulikuwa na miezi mitano kabla ya yeyote kuwabishia hodi.

Mambo yalivyofuatana

Kufikia katikati ya 2022 chaneli ya Mkusanyaji ilikuwa na rekodi zaidi ya mia mbili. Ilikuwa imevuka wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa, ambavyo ni viwango vinavyomruhusu mwenye chaneli kuomba kuwekewa matangazo, naye akaomba, akakubaliwa. Jambo hili hakuliambia kundi la WhatsApp. Alinieleza baadaye kwamba fedha ziliishia kwenye kununua deki ya pili, na nimeona deki hiyo kwa macho yangu. Lakini tangu siku ile alipowasha matangazo, hoja yake ya kwamba anagawa sadaka ilikuwa imepata ufa.

Miezi michache baadaye, rekodi mbili ziliondolewa ndani ya wiki tatu kwa ombi la Msambazaji, na kila moja ikaja na onyo. Kwa kanuni za YouTube, maonyo matatu ndani ya siku 90 huweza kufunga chaneli nzima. Rekodi ya tatu haikuondolewa, ila mfumo wa kutambua nyimbo uliihusisha na kampuni ya India inayomiliki wimbo wa filamu, na tangu hapo mapato ya matangazo yake yakaenda huko.

Kundi la WhatsApp lilichafuka. Maneno ya siku zile ninayo bado: kwamba watu wa Nairobi wamekuja kutuuzia sauti za mama zetu, kwamba dawa ni kila mtu ajaze nyimbo kwenye flashi na kuzisambaza mpaka zisiweze kuondolewa, na mzee mmoja, ambaye hakujibiwa, aliuliza tu, "Bi mwenyewe yuasemaje?" Ndiyo iliyokuwa hoja nzito kuliko zote, na ilipitwa kama gari lililoharibika barabarani.

Kisha Mkusanyaji akagundua jambo lililogeuza mkondo. Wimbo wa kwanza ulioondolewa kwake ulikuwa sasa unapatikana kwenye majukwaa ya kulipia kwa jina la Msambazaji. Aliusikiliza kwa vipokea sauti vya masikioni, na dakika ya tatu na nukta chache, katikati ya kipokeo, akasikia kijikwao kidogo, silabi moja ikimezwa. Ni pale alipokuwa ameiunga kanda iliyokatika kwa mkono wake mwenyewe, mezani kwake, usiku wa kafyu. Msambazaji hakuwa ametumia kanda mama. Alikuwa amechukua faili la kijana, kisha akamshitaki kijana kwa faili hilo hilo.

Mjukuu wa Bi Mwimbaji ndiye aliyenipigia simu, akitaka kujua nyimbo za nyanya yake zimekwenda wapi.

Daftari la risiti

Tulikutana mara ya kwanza barazani kwa Mrithi, bila Msambazaji. Nilimwomba Mrithi ateremshe chochote cha baba yake kilichoandikwa. Alirudi na kanda mama tatu zilizoota kuvu jeupe ukingoni, na daftari la risiti lenye karatasi za kaboni, jalada lake limeliwa na mende.

Ukurasa uliohusu nyimbo zenye ugomvi ulikuwa wa mwaka 1984. Umeandikwa kwa wino wa buluu: nimepokea shilingi 900 kwa ajili ya kurekodi nyimbo sita. Chini pana sahihi. Sahihi hiyo haikuwa ya Bi Mwimbaji. Ilikuwa ya mumewe, ambaye sasa ni marehemu.

Hapa inafaa kusimama, kwa kuwa karatasi hii ilisema mengi kuliko tulivyotarajia. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, mwenye rekodi ya sauti ni yule aliyefanya matayarisho ya kuirekodi. Katika chumba kile cha nyuma, mtu huyo alikuwa mwenye duka bila shaka, na haki ya rekodi inadumu miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa, yaani mpaka mwisho wa 2034. Mrithi hakuwa mzushi. Lakini shairi ni kazi nyingine, na haki yake inadumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake, kwa hiyo watoto wa Mtunzi wanayo mpaka mwisho wa 2059. Tena sheria inataka kuhamisha hakimiliki kuwe kwa maandishi yaliyotiwa sahihi na mwenye haki au kwa niaba yake. Risiti ile haikutaja haki yoyote. Ilitaja fedha na idadi ya nyimbo. Ruhusa ya kutumia tu, isiyomfunga mwenye kazi asiwape wengine, inaweza kutolewa kwa mdomo au kueleweka kutokana na mwenendo, na ndiyo iliyomwezesha mwenye duka kuuza kaseti miaka yote ile. Kutoka kuuza kaseti dukani mpaka kumpa mtu wa tatu haki pekee za kila chombo "kilichopo na kitakachobuniwa", kama mkataba wa Msambazaji ulivyosema, ni safari ndefu ambayo risiti ya shilingi 900 haiwezi kuibeba.

Sahihi ya mume ilizua mjadala ambao sikuutarajia. Mrithi alisema ndivyo mambo yalivyokuwa, mume hupokea kwa niaba ya mkewe. Tulipomwonyesha Bi ukurasa ule siku ya pili, aliushika kwa muda, akausogeza mbali na macho, akasema: "Mia tisa? Mimi nalipawa mia tatu." Halafu akacheka mpaka akakohoa, na mjukuu akamletea maji. Hatukuandika neno hilo kwenye makubaliano, lakini baada yake hakuna aliyetaja tena barazani kwamba waimbaji "walishalipwa".

Kaseti ya harusi

Rekodi ya pili iliyoondolewa haikutoka dukani kabisa. Ilirekodiwa harusini, usiku wa wanawake, na binamu wa bibi harusi aliyeweka redio kaseti mbele ya spika. Nakala zilipita mkono kwa mkono, na moja ikamfikia ami yake Mkusanyaji. Duka halikuwa na haki yoyote juu yake. Msambazaji aliidai kwa sababu tu jina la Bi Mwimbaji lilikuwa kwenye orodha aliyopewa na Mrithi.

Katika hili Mkusanyaji alikuwa na kesi safi. Angeweza kuwasilisha kwa YouTube ilani ya kupinga, na mdai angekuwa na siku 10 za kazi kuonyesha kwamba amefungua kesi, la sivyo rekodi inarudi. Kwa sheria ya Kenya pia, tangu marekebisho ya 2019 yaliyoleta utaratibu wa ilani za kuondoa kazi mtandaoni, kutoa ilani ya uongo ni kosa la jinai. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kumsaidia kuandika pingamizi, na nakiri nilikuwa nimefurahi, kama mtu aliyeona goli liko wazi.

Tukamchezeshea Bi rekodi ile ili athibitishe sauti ni yake. Alisikiliza beti mbili kwa utulivu. Baada ya hapo sauti za wanawake zikaanza kuingia, vigelegele, mtu akitajwa kwa jina akija kutunza, mwingine akijibu fumbo lililomlenga kwa maneno ambayo siyaandiki hapa. Bi akanyoosha mkono akaifunika simu kwa kiganja, kana kwamba anafunika sufuria. "Pale tulikuwa wanawake watupu," alisema. "Huyo aliyetajwa ana wajukuu wa kiume. Nani kakwambia hii ni ya kusikilizwa na kila mtu?"

Kijana alijibu kwa adabu kwamba kaseti ilikuwa ikisikilizwa majumbani miaka thelathini na zaidi. Bi akamwambia majumbani anajua ni kwa nani na nani.

Sidhani nimewahi kusikia hoja ya faragha ikielezwa vizuri zaidi, ingawa Katiba ya 2010 nayo inailinda katika Ibara ya 31. Nakala ya kaseti inayotoka kwa shangazi kwenda kwa mpwa hupita mikononi mwa watu wanaojua ni ipi ya kuchezwa wakati wanaume wamo ndani. Chaneli haijui. Mkusanyaji alidhani anaendeleza desturi ile ile ya kuazimana kaseti kwa chombo kipya, na kumbe desturi yenyewe ilikuwa na mlango, naye ameung'oa.

Maamuzi na sababu zake

Katika mikutano minne, wa mwisho ukiwa na mwakilishi wa Msambazaji kwa simu, yaliamuliwa haya.

Kuhusu rekodi ya kwanza, ile ya dukani, Mkusanyaji hakupinga. Sababu haikuwa woga peke yake, ingawa woga ulikuwapo: ilani ya kupinga ingemtaka atoe jina na anwani yake na akubali kushitakiwa katika mahakama ya Marekani. Sababu kubwa ilikuwa kwamba haki ya rekodi ni ya Mrithi kweli, na kujaribu kumshinda kwa kuwa Msambazaji alifanya ujanja kungekuwa kumwadhibu mtu kwa kosa la mwenzake. Kijana alitaka kwanza kudai kwamba kazi ya kuunga na kusafisha inampa haki. Nilimweleza kwamba fundi anayetengeneza kiti cha mwenyewe hulipwa ufundi, kiti hakiwi chake. Alinyamaza, kisha akasema sawa, lakini hata huo ufundi hakulipwa. Hapo alikuwa na haki, tukaliandika.

Rekodi ya harusi iliachwa ilivyoondolewa, na kijana akaahidi kupitia nyingine zote za namna hiyo. Alizitoa kumi na saba. Tuliamua hivyo tukijua kwamba dai la Msambazaji lilikuwa batili na kwamba tunamwachia ushindi asiostahili. Wajumbe wawili wa kundi la WhatsApp hawakutusamehe kwa hilo.

Rekodi yenye mahadhi ya filamu haikuguswa. Kubishana na kampuni ya India juu ya mahadhi ambayo kila mtu barazani aliyajua yametoka kwenye filamu gani kungekuwa kichekesho. Hata hivyo mmoja wetu aliuliza, na swali lake bado linanisumbua, mbona mashine ilimtambua mwenye mahadhi kwa dakika chache, ila mwenye shairi haikumjua kabisa. Jibu la kiufundi ni rahisi: mfumo hulinganisha sauti na hazina ya walioandikishwa, na watoto wa Mtunzi hawakuandikisha kitu. Jibu hilo linaeleza jinsi, halielezi kwa nini kutoandikisha kugeuke kuwa kutokuwapo.

Kuhusu mapato, Mrithi alikubali kwa hiari yake kwamba kila fedha itakayomfikia kutoka kwa Msambazaji igawanywe: nusu yake, asilimia 30 ya Bi Mwimbaji, asilimia 20 ya watoto wa Mtunzi. Viwango havikutoka kwenye sheria. Tulitazama mfano mmoja uliomo sheriani, wa miito ya simu, ambapo marekebisho ya 2022 yanampa msanii asilimia isiyopungua 52, tukaona angalau tusimpunguzie upande wa wasanii chini ya nusu ya kile kinachofika Mombasa. Mkusanyaji alizima matangazo kwenye nyimbo za duka, akaruhusiwa kwa maandishi kuziacha chanelini, akalipwa mara moja na Mrithi kwa kazi ya kuhamisha kanda. Majina ya mtunzi, mwimbaji na wapigaji yataandikwa chini ya kila wimbo.

Msambazaji aliombwa mambo matatu: aache haki pekee za milele na badala yake achukue miaka mitatu, arekebishe majina, na aondoe rekodi zisizo za duka.

Matokeo

Maonyo yaliisha muda wake baada ya siku 90, na chaneli ipo. Msambazaji aliondoa rekodi zisizo za duka baada ya barua ya pili. Muda wa mkataba aliupunguza, ila ukawa miaka mitano badala ya mitatu. Majina alichelewa kuyarekebisha kwa miezi saba, na mpaka naandika haya nyimbo mbili bado zimeandikwa kwa jina la mwenye duka kana kwamba ndiye aliyeziimba.

Katika miezi tisa ya kwanza Mrithi alipokea shilingi 14,300. Bi Mwimbaji akapata 4,290. Mjukuu alimpelekea kwenye simu, naye akampigia Mrithi kumwambia kwamba ni nyingi kuliko alizopewa 1984, kisha akamuuliza bei ya kilo ya nyama mwaka ule.

Asilimia 20 ya watoto wa Mtunzi haijachukuliwa. Binti anataka jina la baba yake libaki na nyimbo zisikike. Kaka yake anasema baba aliacha mambo ya muziki miaka yake ya mwisho, akajishughulisha na msikiti, na akawaambia wanawe asingependa tungo zake zipigwe baada yake. Hakuna aliyeandika wasia huo, na hakuna anayemshuku mwana huyo kwamba anasema uongo.

Uchambuzi

Lililofaa kuliko yote lilikuwa kukaa na daftari kabla ya kukaa na sheria. Kila upande ulikuja na neno moja kubwa: huyu "wizi", yule "urithi wetu", wa tatu "mkataba". Risiti ya mwaka 1984 iliyavunja maneno hayo vipande vipande, kwa sababu ilimlazimisha kila mmoja aseme anadai kipande kipi: kanda, sauti, shairi, au jasho la kusafisha.

Lililofaa pia ni kusikiliza rekodi pamoja na aliyeimba. Kwa jinsi mabishano ya kugawana nyimbo yanavyoendeshwa duniani tangu Napster ilipoanza mwaka 1999 na kufungwa kwa amri ya mahakama 2001, tumezoea kuyaona kama vita kati ya kampuni na wasikilizaji, na msanii hutajwa na pande zote mbili kama shahidi asiyeitwa. Pwani historia ni ndefu zaidi ya hapo: Siti binti Saad alipokwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, mashine ilikuwa ya kampuni, na tangu wakati huo mwenye mashine ndiye huandika kitabu. Kwenye kisa hiki Msambazaji aliurithi mtindo huo. Lakini na Mkusanyaji pia. Naye alikuwa na mashine, akaandika vichwa vya nyimbo alivyotaka, akaamua nani asikie nini, na alipowasha matangazo hakumuuliza mtu. Tofauti yao ni kubwa kwa nia na kwa kiasi cha fedha. Kwa upande wa ridhaa ni ndogo kuliko alivyopenda kukubali, na kuliko nilivyopenda mimi, niliyekuwa upande wake.

Makosa yetu yalikuwa kadhaa. La kwanza ni kuwa tulianza kwa kuilinda chaneli, kwa kuwa saa ya maonyo ilikuwa ikienda, na kwa hiyo nikakaribia kumsaidia kijana kurudisha rekodi ambayo haikupasa kuwapo. Laiti Bi angekuwa na simu mbovu siku ile, ningeshinda pingamizi nikajisifu nalo.

La pili halina udhuru. Tuligawa asilimia 30 kwa "mwimbaji" tukawasahau wapigaji. Haki za watumbuizaji katika sheria ni za kila aliyeshiriki, na tulikuwa tumejadiliana saa nzima juu ya sahihi ya mume aliyekufa bila kuuliza nani alipiga kodiani. Alijitokeza mwenyewe miezi minne baadaye, mzee wa kutoka Malindi, akiwa amesikia wimbo kwenye simu ya mtoto wa jirani na kuutambua mkono wake. Hakutaka kugombana. Alitaka kujua kama sisi tuna ile kanda ya nyimbo nyingine mbili walizorekodi usiku ule ule, kwa sababu anakumbuka zilikuwa nane, na risiti inasema sita. Bi Mwimbaji amemtengea sehemu kutoka kwenye zake, jambo linaloonyesha ukarimu wake na uzembe wetu kwa pamoja.

La tatu ni kwamba tulimwachia Mrithi awe mlipaji kwa neno lake. Amekuwa mwaminifu, ila utaratibu unaotegemea uaminifu wa mtu mmoja utakufa naye. Njia iliyo imara zaidi ni kuandikisha kazi kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, na wenye haki kujiunga na vyama vya kukusanya mirabaha, vile vya watunzi, watayarishaji na watumbuizaji. Tulilijua hilo tangu mwanzo. Fomu zilikuwapo, Bi alichoka na safari za ofisini, na mimi sikusukuma.

Kuhusu faili zilizokwisha kusambaa kwa WhatsApp, hatukuweza kitu. Nakala za ile kaseti ya harusi zimo kwenye simu ambazo hatuzijui, na yule binamu aliyeweka redio mbele ya spika, ambaye sasa ni bibi wa watu, ameniambia hajui kwa nini alirekodi usiku ule, ila kwamba kaseti ilikuwa mpya na upande B ulikuwa mtupu.

Zimebaki nyimbo kumi na moja za Mtunzi, na suala lake halijaisha. Kwa sheria, warithi wawili wakikosana ni kazi ya mahakama, na hakuna kati yao anayetaka kumpeleka mwenzake huko. Mkusanyaji amezificha kwa muda, hazionekani chanelini wala hazijafutwa. Binti humpigia simu kila baada ya wiki chache kuuliza kama kanda ziko salama na kuvu, naye humjibu kwamba ziko kwenye sanduku lenye chembe za kukausha unyevu, mbali na ukuta wa chooni.